Jinsi nilivyoachana na "discuss about"

Mara mbili nilifanya mtihani wa kuomba kazi, mara mbili nikaangushwa na sehemu ya Kiingereza. Msamiati nilikuwa nao, tena mwingi; nilikariri orodha kila nikivuka kwa boti kutoka Mokowe kuja Lamu. Walionishinda ni wadogo wale: in, on, at.

Jioni moja nikakaa barazani na karatasi zangu za mazoezi, nikaandika kila kosa pamoja na sentensi ya Kiswahili iliyokuwa kichwani. Hapo nikaona mchezo. Kwetu "nyumbani", "mezani" na "chumbani" zinabebwa na -ni ile ile moja. Kiingereza kinataka at home, on the table, in the room. "Ameolewa na" ilinizalia married with badala ya married to. "Tujadili kuhusu" ikaleta discuss about, na kumbe discuss haitaki kitu katikati.

Orodha nikaiweka kando. Nikanunua daftari: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza sahihi. Nafunika kulia, nasema kwa sauti (punda wa jirani ndiye msikilizaji), kisha nafunua. Niliyokosa narudia kesho yake, halafu baada ya siku 3, halafu 7.

A na the zilinisumbua zaidi, maana sisi hatuna. Nikawa najiuliza tu: anayenisikiliza anajua ni boti ipi? Akijua, the. Si kanuni kamili, lakini imenivusha maswali mengi.

Mtihani wa tatu, sehemu ile nilipita. Hesabu ndiyo iliyobaki kunitoa jasho.