Kitu kisicho na kichwa

Wiki hii Salma kaolewa, matokeo ya majaribio yametoka, jikoni kumeezekwa upya, na mimi akili yangu imebaki barazani Jumapili jioni.

"Unasoma nini usiku kucha, mwanangu?"

"Viti vya pweza, Ami, hivi vya baharini vyenye mikono mitano. Vimo kwenye mtihani wa mchujo."

"Vina kichwa hivyo?"

"Havina. Wala ubongo."

"Udaktari gani huo, kukeshea kitu hakina kichwa?"

Wakacheka wote. Nikainamia daftari, maana Ami ni Ami. Lakini kila nikizima taa namjibu. Namwambia: Ami, kiti cha pweza yuko karibu zaidi na sisi kuliko huyo pweza unayemsifia akili. Kiinitete chake kikianza kujiunda, tundu la kwanza huwa njia ya haja, mdomo unafuata baadaye, na sisi ni hivyo hivyo. Pweza yumo tawi jingine, pamoja na kaa na konokono. Tena kiti cha pweza akiwa lava, yaani mtoto, bado anaelea, mwili wake una kulia na kushoto kama wetu. Umbo la matano huja akikua. Mtu atakayetibu watu asijue haya?

Na majongoo ya bahari je? Ni ukoo mmoja na viti vya pweza, nayo hayana ubongo, yanavuta pumzi kwa nyuma. Ami kayazamia miaka na miaka, yakakaushwa yakapelekwa China, na bati za nyumba yake zimetoka humo. Hilo ndilo linaloniuma hasa.

Alkhamisi ilikuwa bamvua, nikafuatana na mama kuchokoa pweza. Akaokota kiti cha pweza mwenye mkono mmoja mfupi, mchanga, akanigeuzia. "Huu unaota upya. Tangu mdogo nawaona hivi." Vile vijiguu vya chini vilikuwa vinapapasa hewa. Nikamweleza kuwa vinaendeshwa kwa maji: yanaingia kwenye kisahani cha mgongoni, yanazunguka kwenye mfereji wa duara, yanagawika mikono yote mitano. Mama akauliza, "Na mkono mpya nao unachimbiwa mfereji wake?" Ndiyo, mama! Kwenye karatasi zote za mitihani ya zamani nilizopitia sijaona swali zuri kama lile. Tukamrejesha majini, nikarudi nyumbani nikasoma sura nzima bila ya kusinzia.

Asya kavuka kwenda Wete tangu Jumanne na simu yake haipatikani. Mama anasema ni mtandao tu. Kesho asubuhi nitampigia mumewe.