Nembo ya mto: mlima uliokuwa maandazi, mto uliokuwa nyoka, na jani la isale

Ushauri wa kwanza nilioupata kwenye duka la kuchapa hapa Moshi ulikuwa huu: "Weka mlima, weka tone la maji, weka mikono miwili imelikinga. Imeisha hiyo." Nikaufuata. Ndiyo sababu kazi ya wiki moja ilikula mwezi na ushee.

Kazi yenyewe: nembo ya kampeni ya kutunza mto mmoja unaoshuka kutoka msitu wa Kilimanjaro, upande wa kusini. Maji yake huingia mto Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendelea na mto Pangani hadi baharini. Kwa wenyeji, mto ule una heshima yake. Banio la mfongo wa zamani, yaani mahali mfereji wa asili wa Wachaga unapochukulia maji, liko pale, na wazee walikuwa wakitambika kabla ya kuusafisha. Nembo ilitakiwa ibebe heshima hiyo bila kumkwaza Mlutheri, Mkatoliki wala Mwislamu, na wote wamo kwenye kamati. Kibuyu na moshi wa tambiko vikaondolewa mapema bila mjadala mrefu.

Basi nikachora mlima wenye theluji, tone, mikono, miti mitatu, na mto wa bluu unaofifia taratibu. Kwenye kompyuta ilipendeza, nikajipongeza. Nikaichapa kwa upana wa sentimita 2, ukubwa wa kona ya barua, kisha nikaipeleka steshenari wanitolee fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, maana ndivyo matangazo ya kijiji yanavyosafiri. Nakala ya tatu, mikono ilikuwa maandazi mawili, tone limemezwa, na ile bluu ya kufifia imegeuka doa la masizi. Jaribio hilo halifiki hata buku. Lifanye siku ya kwanza, usisubiri ya ishirini kama mimi. Na mlima uache. Ukisimama stendi utaona nembo zenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuliko utakavyoweza kuhesabu.

Mara ya pili nikaacha vyote, nikabaki na mto peke yake: mstari uliopinda kama S, juu mwembamba, chini mnene. Mzee mmoja wa kamati akaushika mbali na macho, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu nyoka amekuja kufanya nini?" Alikuwa sahihi kabisa. Mstari wowote uliopinda, wenye ncha moja nyembamba na nyingine nene, ni nyoka. Ukichora mto, ncha zake zisiishie hewani: zikatwe na ukingo wa umbo, ionekane maji yanatoka mbali na yanaendelea.

Isale, mmea wa majani marefu unaoheshimiwa na Wachaga, ndilo lililotuokoa. Mchaga halihitaji maelezo: ni mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), ni jani la kuombea msamaha, na limepandwa makaburini. Hakuna dhehebu linalolikataa. Nikaona nimepata akili kubwa: jani moja, mshipa wa katikati uwe mto, mishipa ya pembeni iwe vijito. Kamati wakatazama, mama mmoja akasema, "Hili ni la mwembe." Kweli. Jani la isale ni refu, mishipa yake inakwenda sambamba kutoka shinani hadi nchani, haina matawi. Ukiliwekea matawi umechora mti mwingine, na watu wa mlimani hawadanganyiki kwenye majani.

Suluhisho halikuwa ndani ya jani, lilikuwa katikati ya majani. Isale hushika majani yake kwa pamoja kwenye shina, yakifunguka kuelekea juu. Nikachora majani matatu. Nafasi nyeupe kati ya la kushoto na la katikati ni kijito cha kwanza. Kati ya la katikati na la kulia ni cha pili. Jani la katikati linaishia chini kwa ncha, na ncha hiyo ndiyo ile ardhi iliyochongoka unayoiona mito miwili inapokutana. Chini ya hapo vijito vinakuwa mto mmoja, unaopasua ardhi ya kijani na kutokea ukingo wa chini. Mto haukuchorwa hata kidogo, umeachwa. Maumbo matatu, rangi moja.

Tatizo lililobaki: vijito viwili na mto vinafanya Y, na Y iliyonyooka ni manati. Dawa yake ni kuvipinda vijito viwili kama bakuli, na mto mkuu kuupa kona moja ndogo kulia. Pia usiufanye upana ulingane. Nilitumia mraba wa vipimo 24 kwa 24: kila kijito vipimo 2, mto mkuu 3, ukifika ukingoni 4. Ukipunguza nembo hadi milimita 25, kijito kinabaki na milimita 2 hivi. Usishuke sana hapo, kwa sababu wino hutanuka kwenye karatasi na pengo jeupe huliwa kutoka pande zote mbili. Kwa nembo nyeupe juu ya fulana ya kijani, ongeza mapengo kidogo tena, maana umbo jeupe juu ya giza huonekana nene kuliko lilivyo.

Kujaribu muhuri sikumlipa mtu. Chukua ndala iliyokufa, bandika mchoro kwenye soli, kata kwa wembe kina cha milimita 4, na kuta za maumbo ziwe za kutanuka kuelekea chini. Ukizikata wima zinalala ukigandamiza. Wino ni ule wa kibweta cha muhuri. Geuza mchoro kwanza kama kwenye kioo. Mimi sikugeuza, mto ukapinda kushoto.

Halafu likaja jambo ambalo sikulipanga, ila nalitangaza kana kwamba nililipanga. Vijana walitaka kupulizia nembo kwa rangi kwenye mawe na madumu. Kwa kawaida ukikata nembo kwenye plastiki ya faili, vipande vya ndani vinadondoka, inabidi uache vidaraja vibaya. Hapa unatoboa majani matatu tu, na plastiki inayobaki katikati ni mto wenyewe. Ndio unaoshikilia kila kitu. Hakuna kinachodondoka.

Rangi: wote walitaka bluu. Bluu inayong'aa kwenye kompyuta, ikichapwa kwa wino wa sayani (samawati) asilimia 100 na majenta (waridi iliyokolea) asilimia 100, inatoka zambarau. Ukilazimika, shusha majenta ifike 70 au chini yake. Nikawaambia mto wetu wakati wa masika ni wa udongo, kiangazi ni mweupe kwenye mawe, bluu wameiona wapi? Tukabaki na kijani: sayani 85, majenta 30, njano 95, nyeusi 25. Andika namba hizo kwenye karatasi umpe fundi mkononi, kwa sababu faili langu la Inkscape, programu niliyochorea, lilitoka na rangi za kioo cha kompyuta, si za wino. Kila rangi ya ziada kwenye fulana ni skrini (fremu ya kuchapia) nyingine na pesa nyingine. Fulana za majaribio nilichukua za mitumba Kiboriloni.

Mafundi wengi mjini wanatumia programu nyingine, CorelDRAW. Kabla ya kupeleka faili, badili maandishi yawe maumbo (Inkscape ni Shift+Ctrl+C, Corel ni Ctrl+Q), la sivyo kompyuta yao itaweka herufi inazozipenda yenyewe. Kwa picha ya kundi la WhatsApp, weka nembo ndani ya asilimia 70 ya upana wa mraba. Duara litakata kona na ncha za majani zitakwenda nazo.

Mabango ndiyo yaliyonifurahisha. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mabango yanasimama kwenye mstari huo. Fundi wa kuchora hana kompyuta, ana futi ya kupimia. Bango ni futi 2 kwa 2, yaani inchi 24. Kila kipimo changu ni inchi moja. Akapiga mistari kwa penseli, akahesabu miraba, akamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Bati jipya usilipake rangi ya mafuta moja kwa moja, zinki huibandua. Tafuta praima yake, au tumia bati lililokwisha kupigwa na jua na mvua. Sisi tulihamia mbao baada ya mabango mawili ya bati kuondoka usiku. Moja limeonekana kwenye banda la kuku, nembo imegeukia ndani.