Tunda Bichi Kikapuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na jambo moja. Kuna binti ameokoka juzijuzi, anaomba kwa moto, na tayari watu wanataka apewe madhabahu. Simu haziishi: "Mtumishi, mbona mnamchelewesha? Neema iliyo juu yake hamuioni?" Tunaiona. Ndiyo maana naandika.

Wanaochuma beri nyeusi za mwituni wanajua kwamba rangi hudanganya. Tunda huanza kijani, likawa jekundu, kisha jeusi la kung'aa. Mgeni akiuona mng'ao ule hulikimbilia, na akilitia kinywani hukunja uso kwa ukali. Mzoefu hungoja mng'ao ufifie na tunda lilainike. Hata hapo halivuti. Huligusa kwa ncha za vidole, na kama limeiva linamwangukia kiganjani. Likishikilia kikonyo, analiacha, hata kama jirani yake kwenye kichala hichohicho ameshaiva. (Nasema tunda unalolijua. Usilolijua usile, hata liwe jeusi namna gani. Mwituni kuna ya sumu yanayopendeza macho.)

Lililonikaa moyoni ni hili: beri nyeusi ikishachumwa haiivi tena. Si ndizi, useme utaifunika ndani. Itakaa kikapuni ilainike, lakini utamu hauongezeki.

Wapendwa, tunawachuma watu wangali wabichi! Mtu ana ushuhuda mzuri na sauti nzuri, basi kesho yuko kwenye bango la mkutano. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka. Sisi tunasoma andiko hilo, tunasema amina, kisha tunampa kipaza sauti. Akianguka, walewale waliomsukuma ndio wa kwanza kumsema.

Mwangalieni Bwana wetu. Akiwa na miaka 12 aliwashangaza walimu hekaluni. Kama angekuwa wetu, asingerudi nyumbani, tungemwandalia ziara! Lakini Luka anasema alishuka Nazareti akawatii wazazi wake, na alipoanza huduma alikuwa na miaka kama 30. Miaka yote ile katikati, Mwana wa Mungu mwenyewe, hakuna mahubiri yake hata moja yaliyoandikwa. Baba hakuwa na haraka naye. Sisi haraka hii tumeitoa wapi?

Najua wapo pia walioiva siku nyingi na bado wanajificha kwenye majani. Hao tutaongea nao wiki nyingine.

Kuhusu binti yetu: ataendelea na darasa la waamini wapya, na mama mmoja wa kanisa atakuwa akiomba naye. Mnaompenda, acheni kumtumia mialiko. Na kama lazima mpige simu, mpigieni yeye, mumuulize leo amesoma nini.