Niliambiwa chuchu zangu hazifai kunyonyesha

Kuna maneno ambayo ningekuwa na uwezo ningeyapiga marufuku kwenye wodi zote za wazazi: "Mama, wewe huna chuchu." Niliambiwa hivyo saa chache tu baada ya kujifungua, kwa sauti iliyosikika hadi vitanda vya jirani, na aliyeniambia akaongeza papo hapo kwamba baba atafute maziwa ya kopo mapema ili mtoto asipate taabu. Chuchu ninazo. Ya kulia ni fupi, imelala. Ya kushoto imeingia ndani. Na mwanangu alinyonya hizohizo, bila kopo, miezi 6 yote ya mwanzo, akaendelea nazo mpaka akawa anakimbia uani. Naandika kwa sababu hapa Tanga bado nakutana na wasichana walioambiwa maneno hayohayo, wameyaamini, na matiti yanakauka huku maziwa yalikuwepo.

Jambo ambalo kila mzazi mwenye chuchu kama zangu angepaswa kuambiwa mwanzo ni hili: mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Akikamata vizuri, mdomoni anaingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka, ulimi unakaa chini ya titi, kidevu kinagusa, mdomo wa chini unabinuka kwa nje. Anayening'inia kwenye ncha tu ndiye anayekuchana vidonda na kushuka na njaa, hata kama mama ana chuchu ndefu kuliko wote wodini. Kwa hiyo swali la maana ni kama titi linavutika. Jipime mwenyewe: bana taratibu pembezoni mwa weusi kwa kidole gumba na cha shahada. Chuchu ikijitokeza hata kidogo, kazi yako itakuwa nyepesi. Ikizama zaidi, kama ya kwangu ya kushoto, kuna la kufanya, nalo nitalieleza. Na wale wanaowaambia wajawazito wavute chuchu kila asubuhi ili zizoee, wawaache wapumzike. Mazoezi hayo ya ujauzitoni yamepimwa na hayakuonyesha faida. Chuchu zenyewe hulainika zaidi karibu na kujifungua na baada yake.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe alitaka mtoto apewe maji ya glukosi kwa sababu ya joto la Tanga. Wifi alisema yale maziwa ya mwanzo ya njano ni machafu, yakamuliwe na kumwagwa. Shangazi aliniletea uji wa pilipili manga, na huo nilikunywa wote na bado namshukuru, mzazi anahitaji kitu cha moto tumboni. Lakini maji nilikataa, na yale ya njano sikumwaga hata tone. Ni machache kwa sababu tumbo lenyewe la mtoto ni dogo, na yana kinga anazozihitaji siku hizo hizo. Nilikuwa nakamua kwa mkono kwenye kijiko kilichochemshwa, matone tu, namdondoshea mdomoni. Mama mkwe alinuna. Nilimwambia, "Mama, nivumilie, huyu ni mjukuu wako na mimi namtakia mema kama wewe." Akaninyamazia, ila hakunizuia.

Mume wangu naye, kwa nia njema kabisa, alizunguka maduka ya dawa akarudi na kofia ya silikoni, ile ya kuvalisha juu ya chuchu ili mtoto apate kitu cha kushika. Haikupungua elfu kumi na tano. Ukiiona unasema tatizo limekwisha: chuchu nzuri ndefu, tundu zimepangwa mbele. Mtoto aliidaka mara moja, akanyonya kwa bidii, sote chumbani tukashusha pumzi. Nilipoivua nikaona ndani, kwenye ncha, maziwa ya njano mazito yameganda pale, hayakufika popote. Mtoto alikuwa akinyonya silikoni. Tulijaribu tena usiku, nikailowesha maji ya uvuguvugu ili ishike vizuri, nikabonyeza titi kumsaidia, matokeo yaleyale: anachoka, analala, anaamka analia. Wapo iliowasaidia, hasa maziwa yakishakuwa mengi na wakiwa na mtu wa kuwaelekeza. Kwa siku zile za mwanzo, kwangu, ilikuwa inakula kile kidogo nilichokuwa nacho.

Halafu maziwa yakaja kwa mkupuo, matiti yakawa magumu, ngozi inang'aa, na ile chuchu ya kulia iliyokuwa fupi ikatoweka kabisa. Mtoto alikuwa anateleza. Hapo mama yangu akamwita jirani yake wa Chumbageni, bibi mmoja mkunga mstaafu. Nilimwamkia nikiwa nalia. Hakuniuliza chochote kuhusu chuchu. Alisema, "Marahaba mwanangu, kwanza tulilainishe hilo titi, mtoto hawezi kuuma ukuta."

Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika chache, kisha nikakamua kwa mkono, si kuminya chuchu bali kubonyeza nyuma ya weusi kuelekea kifuani halafu mbele, mpaka pale pembeni pakawa laini. Maziwa yale tukayaweka kwenye kikombe. Ndipo akatoa mkobani bomba la sindano la mililita 20, jipya kwenye pakiti yake, lisilo na sindano yenyewe. Duka lolote la dawa linalo, kwa mia chache.

Alichomoa kile kipande cha ndani kinachosukuma dawa, akakiweka kando. Akaomba wembe mpya, akaupasha kwenye moto wa jiko, akakata ile ncha ya mbele inayoshika sindano, bomba likabaki wazi pande zote mbili. Ujanja wote uko hapa: kipande cha ndani hakirudi kule kilikotoka. Kinaingizwa kwa upande uliokatwa, ili ule upande wa pili, laini, wenye masikio mawili, ndio ugusane na titi. Ukikosea upande, ukingo uliokatwa utakuchana. Akaliosha kwa sabuni, akalisuuza kwa maji ya moto, akasubiri lipoe, akanikabidhi. Nilidhani atavuta yeye. "Vuta mwenyewe mwanangu. Anayesikia maumivu ndiye anayejua pa kuishia."

Nikalisimamisha juu ya weusi, nikalikandamiza lisipitishe hewa, nikavuta polepole. Chuchu ya kushoto, ambayo sikuwahi kuiona nje tangu nivunje ungo, ikajitokeza taratibu ndani ya bomba, imesimama. Nikaishikilia nusu dakika hivi, nikalegeza, nikarudia. Ukitaka kutoa usilichomoe kwa nguvu, sukuma kwanza kipande cha ndani kidogo ili mvuto uachie. Bibi alikuwa amemshika mtoto tayari, yuko uchi amebaki na nepi tu. Tukamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kisha akamhamishia chini ya kwapa, miguu inaelekea mgongoni kwangu, kichwa kwenye kiganja changu. Kwa mkono wa pili nikalibana titi toka nyuma, vidole mbali na weusi, likawa bapa kufuata mdomo wake. Tukangoja apige mwayo. Alipoachama kweli, nikamleta yeye kwenye titi. Kwa mara ya kwanza nikasikia akimeza. Mama yangu alikaa chini.

Isikudanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kila kabla ya kunyonyesha nilikuwa navuta kwanza na lile bomba, na mara nyingine alikataa vilevile, hasa kushoto. Akikataa sikubishana naye mpaka sote tuishie kulia: nilikamua nikamnywesha kwa kikombe kidogo, kikombe kikigusa mdomo wa chini ili alambe mwenyewe, si kummiminia. Chupa nilikataa, kwa sababu chuchu ya chupa ni ndefu na ngumu, na mtoto anayejifunza titi langu sikutaka aizoee. Mchana na usiku nilihakikisha titi linaondolewa maziwa, walau mara 8, maana titi lisilotolewa maziwa linaacha kutengeneza. Usiku usiuruke. Taratibu bomba likawa halihitajiki, kwani kunyonya kwake ndiko kulikoivuta chuchu.

Kliniki kuna aliyeshtuka kuona uzito umeshuka kwenye kadi. Siku za mwanzo karibu watoto wote hupungua kidogo. Kinachoangaliwa ni asipungue zaidi ya sehemu moja ya kumi, na arudie uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Wangu alirudia. Nyumbani mimi nilihesabu nepi: baada ya siku 5 hivi za kwanza, nepi 6 zilizolowa kwa siku, mkojo mweupe, ni ishara kwamba anashiba. Zikipungua, au mtoto ni mlegevu haamki kunyonya, usingoje ushauri wa ndugu, mpeleke hospitali.

Na ukirudi kazini usione haya kudai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, halafu mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi wangu hakuwa anajua, nikampelekea kifungu kimechapishwa. Mwanangu akawa analetwa na mama mkwe mwenyewe saa nne asubuhi, kwa bajaji, amevalishwa kofia.

Lile bomba usiazimane na mwenzako. Nunua lako, liwe la mililita 20, na kama chuchu zako ni ndogo omba la 10.