Mvinyo mkavu wa Makutupora nyekundu: ninavyopambana na joto

Zabibu nyekundu ya Makutupora ina jina la eneo kilipo kituo cha utafiti, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Hombolo na Mpunguzi pia ni maeneo ya zabibu. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa mvinyo mkavu, yaani usiobaki na utamu wa sukari, nachukua mavuno ya Agosti na Septemba. Yale ya Februari na Machi hukutana na mvua: punje hunyonya maji na kupasuka, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, nao hushambulia. Usiku wa kiangazi una baridi, ambayo huzuia ukali (uchachu) wa zabibu kupotea upesi.

Napima sukari kwa refraktometa, kifaa kinachosoma sukari kwenye tone la maji ya zabibu, punje za juu na za chini ya kishada. Brix (kipimo cha sukari) 22 hadi 23 inatosha, maana hutoa pombe ya asilimia 12.5 hadi 13 hivi. Ukisubiri 25, ukali umeshaondoka na mvinyo unakuwa mzito usio na uhai. Navuna kabla ya saa tatu asubuhi, kwenye kreti. Viroba huponda zabibu njiani na mchuzi, yaani maji ya zabibu, huanza kuchacha wenyewe.

Kwa kilo 20 naondoa vikonyo vyote, naponda kwa mikono ili mbegu zisivunjike (zikivunjika, mvinyo unakuwa mchungu), natia kwenye pipa la lita 30 la plastiki ya chakula. Naongeza gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti, dawa ya kuzuia vijidudu. Kesho yake natia gramu 5 za hamira ya mvinyo, iliyolowekwa kwanza kwenye maji vuguvugu. Hamira ya maandazi siitumii: mara nyingi hukwama sukari ikiwa bado imo.

Kazi yenyewe huanza hapo. Uchachukaji hutoa joto lake, na chumba cha bati huongeza lake. Nataka nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi. Zikizidi 32 hamira hudhoofika. Pipa linakaa ndani ya beseni kubwa la maji, limefungwa gunia bichi, na mchana naweka chupa za barafu kwenye beseni. Barafu haiingii kwenye mchuzi, hilo nasisitiza kwa sababu wapo wanaofanya hivyo. Maganda hupanda juu. Nayazamisha mara tatu kwa siku, maana yakikauka ndiko siki inakoanzia. Harufu ya yai bovu ikitokea, hamira ina njaa: naipa chakula chake na kukoroga kuingiza hewa.

Siku ya sita au ya saba nakamua, napata lita 12 hivi. Zinakwenda kwenye chombo kilichojaa hadi shingoni, chenye mpira unaotoa gesi ndani ya maji. Haidrometa, kifaa kinachoelea kupima uzito wa mvinyo ukilinganishwa na maji, ikisoma 0.995 au chini, siku mbili mfululizo, sukari imekwisha. Nahamisha kuacha machicha baada ya siku kumi, tena baada ya mwezi.

Mezani, nusu saa ya friji kwanza. Mbuzi choma mwenye mafuta na chumvi ndiye mwenzake, kwani hupunguza ule ukakasi wa maganda. Pilau ya nyama inafaa, kachumbari yenye ndimu nyingi ikae mbali. Pilipili kali huwaka zaidi ikikutana na pombe, na samaki wa mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni. Wa samaki nawapa mvinyo mweupe.