Mkono uliotulia

Kiroba, kile kipakiti cha pombe kali, nilikibeba kwenye mfuko wa shati, pale wenzangu wanapoweka penseli. Mimi ni fundi seremala, Buguruni, Dar es Salaam. Serikali ilipopiga marufuku viroba, Machi 2017, nilidhani nimepona. Wapi! Wiki ileile nilihamia kwenye gongo.

Kilichonitisha zaidi ni asubuhi. Sikuwa nanywa tena ili nilewe, nilikunywa ili mkono utulie niweze kushika randa. Siku moja nikaamua kuacha ghafla, peke yangu. Kesho yake jasho, moyo mbio, nikaona sisimizi wamejaa ukutani, na hawakuwepo. Kisha degedege. Mke wangu ndiye aliyenikimbiza hospitali.

Daktari akanieleza: pombe hutuliza ubongo, na ubongo uliokwisha kuizoea hujisukuma zaidi ili usilale. Ukiinyima ghafla, ule msukumo unabaki bila kizuizi. Wakanipa dawa za kutuliza na vitamini B1. Ndugu yangu unayekunywa kila siku, nakuomba, usiache ghafla umejifungia chumbani. Kamwone daktari kwanza. Kuna watu hufa hivyo.

Sasa ni mwaka wa tatu. Saa kumi na moja jioni bado ni ngumu, karakana zinapofungwa na simu zinaanza kuita. Naizima yangu, napitia sokoni, nanunua ndizi, nafika nyumbani jua halijazama.

Jana binti yangu aliniletea sindano. "Baba, nitungie uzi." Ukapita mara ya kwanza.