Tupo Wangapi?

Kabla sijapanda meli nilikuwa nimekwisha kutapika mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nchi kavu. Ya kwanza jikoni kwa mdogo wangu, Hamburg, asubuhi ya safari. Ya pili chooni, gatini, mizigo ikiwa imeshachukuliwa na hakuna tena namna ya kughairi. Mdogo wangu alinishika mgongo akasema, "Dada, meli yenyewe hata hujaiona." Nikamwambia ndiyo maana.

Safari ilikuwa zawadi. Nilikuwa natimiza miaka arobaini na mitano, naye, aliyeolewa Ujerumani mwaka wa kumi sasa, akanikatia tiketi ya meli ya kitalii: siku saba, Hamburg hadi Norway na kurudi. Aliponipigia simu kunipa habari nilipiga vigelegele, nikaaga, nikakata simu, kisha nikakaa kwenye kochi bila kusema neno mpaka watoto wakauliza nani kafariki.

Miezi mitatu iliyofuata nikawa mtaalamu wa kutapika. Nikajua kuna maji ndani ya sikio yanayouambia mwili kwamba unasogea, na kwamba kulewa bahari huanza pale sikio linaposema tunakwenda na macho yanasema tumetulia. Ubongo unashindwa kuwaamua, anayeadhibiwa ni tumbo. Kwa hiyo unaambiwa utoke nje utazame mbali maji yanapokutana na mbingu, usisome, usikae chumba kisicho na dirisha, na ukichagua chumba basi kiwe cha katikati ya meli na kiwe chini, maana huko ndiko kunakoyumba kidogo. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Kilikuwa ghorofa ya tisa, mbele kabisa, kwenye omo. Ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Mdogo wangu ni mtoto wa mama yangu kweli.

Nilijihami. Tangawizi iliyokaushwa nilitoka nayo Mwanza, nusu kilo, ikanusiwa na mbwa uwanja wa ndege na kuachiwa. Hamburg daktari akaandika plasta ndogo ya mviringo ya kubandika nyuma ya sikio, dawa inapenya kwenye ngozi siku tatu. Alinionya kwamba itanikausha mdomo, na kwamba nikiishika ninawe mikono. La kunawa mikono nilisikia, sikulitilia maanani. Nitalirudia.

Ila tumbo lilikuwa kisingizio tu, na mdogo wangu alijua. Sisi ni watu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa kidato cha pili, na asubuhi ile tuliambiwa MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, imepinduka ikiwa karibu kufika. Meli ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Iliwachukua wangapi hakuna aliyejua, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina popote. Waliofika kuokoa walisikia watu wakigonga kwa ndani, wakatoboa bati wawatoe, hewa iliyokuwa inaifanya ielee ikatoka, meli ikaenda chini. Jirani yetu, mama aliyekuwa akifuata ndizi Bukoba kila baada ya wiki mbili, tulimtafuta kwenye orodha ya walionusurika, hayumo. Ya waliotambuliwa, hayumo. Mumewe alikuwa anakwenda makaburi ya Igoma na maua bila kujua ayaweke wapi.

Tangu hapo nahesabu watu. Kwenye daladala nahesabu, kwenye kivuko nahesabu, hata kanisani kukiwa na roshani nahesabu walioko juu. Siwezi kujizuia, kama mwingine anavyoshindwa kuacha kung'ata kucha. Kwa hiyo mkinionyesha meli yenye ghorofa kumi na nne, yenye watu mpaka kwenye ukingo wa paa wanapunga mikono, mnadhani nitaona nini?

Tulipoingia tu, kabla ya chakula, kabla ya kuoneshwa bwawa la kuogelea, king'ora kikalia mara saba fupi na moja ndefu. Magoti yakalegea. Mdogo wangu akanivuta: ni zoezi, kila mtu lazima aende kwenye kituo chake akaoneshwe jinsi ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Zamani, alisema, zoezi hili liliweza kungoja hadi kesho yake. Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, walikuwemo mamia waliopanda jioni ileile na hawajafunzwa lolote. Sasa zoezi ni kabla ya kuondoka, au mara tu mnapoondoka.

Wajerumani walinung'unika. Walitaka bia. Mimi nilikaa kama niko harusini. Kijana wa Kifilipino mwenye kimashine alipita akisoma kadi ya kila mtu, moja moja, tiii, tiii, tiii. Wawili wakakosekana. Chumba chao kikatangazwa kwenye spika, tukangoja. Kikatangazwa tena, tukangoja. Dakika ishirini meli nzima ilisimama kwa ajili ya wazee wawili waliokuwa wamelala. Walipofika wamevaa kandambili, watu wakawazomea kidogo. Mimi nilitamani kuwapigia makofi.

Nikamwita yule kijana. "Jumla tuko wangapi?"

Nadhani hajawahi kuulizwa. Alisema kitu kwenye redio, akasikiliza, akanijibu: 3,819, pamoja na wafanyakazi. Si elfu tatu na kitu. Si karibu elfu nne. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu.

Kuanzia hapo hadi usiku ni mto tu. Kutoka Hamburg hadi baharini ni kama kilomita mia moja za mto Elbe, maji laini kama chai, nikaanza kujiona nahodha. Mahali panaitwa Wedel wana desturi ya kuzipigia meli kubwa zinazopita wimbo wa taifa wa bendera ya meli. Yetu ikapigiwa wimbo wa nchi ambayo nina hakika hakuna hata mmoja melini aliyewahi kukaa. Imesajiliwa huko, ni mambo ya kodi, mdogo wangu alisema. Nikaagiza maji ya kunywa: yuro nne na senti tisini. Maji! Tukiwa juu ya maji! Intaneti ililipiwa kwa siku, kahawa isiyo ya mashine ililipiwa, na ile picha waliyotupiga mlangoni nikiwa nimetoka kutapika ilikuwa inauzwa yuro ishirini na tano. Hiyo sikununua.

Saa nane za usiku Bahari ya Kaskazini ikatupokea.

Omo lilikuwa linainuka taratibu, linasita kana kwamba limesahau kitu, kisha linaanguka, na kila lilipoanguka kuta zililia kama kitanda cha kamba. Hanga zikawa zinatembea kabatini, kushoto, kulia. Giza la chumba kisicho na dirisha ni giza la kaburi, huna hata pa kuelekeza macho. Mdogo wangu anakoroma. Nikafungua kabati, nikatoa jaketi la kujiokolea, nikalivaa juu ya khanga, nikafunga mikanda kama tulivyofundishwa, nikatoka kukaa chini kwenye ukumbi, mgongo ukutani, tangawizi mkononi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wakija kutuita, mimi nitakuwa wa kwanza.

Sijui nilikaa muda gani. Najua nilikuwa nasali kwa sauti, "Yesu wangu, Yesu wangu, usiniache na maji haya," na sauti ikajibu kwa Kiswahili:

"Mama, mbona wakaa chini? Waogopa?"

Alikuwa na sinia la vyombo vichafu begani. Kifuani, chini ya jina, kibao kimeandikwa Kenya. Mtumishi wa vyumba vyetu, nimempita mara tatu mchana na kumsabahi kwa Kiingereza cha shida, naye akanijibu kwa Kiingereza cha kazi.

"Baba," nilimwambia, ingawa ni kijana wa miaka thelathini, "meli inakwenda mrama."

Alicheka mpaka sinia likatikisika. "Naam, chaenda mrama. Chombo ndiyo kazi yake hiyo, mama. Nyinyi bara mmelifanya neno baya."

Ni kweli. Kwetu mambo yakienda mrama ni kwamba yameharibika. Yeye alikuwa analitumia lilikotoka: chombo kinalala huku, kinalala kule, kinaendelea na safari. Akaweka sinia chini, akakaa, mgongo ukutani kama mimi, akanifundisha somo ambalo sikulikuta popote nilipokuwa nasoma habari za kutapika. Hesabu, alisema. Kikilala hesabu mpaka kirudi wima. Tukahesabu pamoja kama watoto wa chekechea: moja, mbili, tatu… nane, kimerudi. Tena. Nane. Tena. Nane. "Ikiwa ni nane kila mara, lala usingizi. Kibaya ni chombo kilalacho kikasita, ukahesabu nane, kisha kumi, kisha kumi na tatu. Hicho chafikiria kama kirudi au kisirudi. Hiki hakifikirii." Chini ya maji, akaongeza, mna mapezi mawili ya chuma, moja kila ubavu, kama ya samaki, yanazuia tusilale sana. Ila kuinuka na kuanguka kwa omo hayazuii. "Hapo chumba chenu ndicho kilichowaponza. Nani aliwachagulia?"

Nikaonyesha mlango, tukasikiliza mkoromo.

Nikamuuliza kwao ni wapi. Mombasa. Mombasa wapi? "Mtongwe."

Sikusema kitu kwa muda, naye akaona kwamba najua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu mia mbili na sabini na ushei, wakienda kazini. Yeye alikuwa hajazaliwa. Bibi yake alikuwa upande wa pili anaingoja, aliona yote. "Hadi leo akienda mjini hupitia Likoni, na feri ikijaa hugeuka nyuma, arudi nyumbani. Twamwambia bibi, utachelewa. Asema na wachelewe nami."

Nikamfungulia kiganja. Ile 3,819 ilikuwa imeanza kufutika kwa jasho. Aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akainuka na sinia lake. Baada ya muda akarudi na tofaa bichi la kijani, lile chachu, na biskuti za chumvi. Kula kidogo kidogo, usiliache tumbo tupu, na ulivue hilo jaketi, mama, utawatia watu hofu.

Sikutapika. Si usiku ule, wala siku zote saba. Aliyetapika ni mdogo wangu, mkazi wa Ulaya, aliyekuwa akiniita mshamba. Alianza saa kumi na moja alfajiri na akamaliza Stavanger.

Mimi niliumbuka kwa jambo jingine. Kati ya hofu na tangawizi nilikuwa nimeipapasa ile plasta nyuma ya sikio kuhakikisha haijabanduka, kisha nikafikicha jicho la kulia. Asubuhi mboni yake ilikuwa imefunguka kama ya paka gizani, na dunia yote upande ule ni ukungu. Daktari wa meli alinitazama kwa tochi, akasema nimeshika dawa nikashika jicho, itapita kwa siku moja mbili, akaandika bili ambayo sitaitaja hapa kwa heshima ya mdogo wangu. Ndiyo hali niliyoingia nayo Geiranger, mahali walipoweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005, milima imesimama wima kutoka majini na maporomoko yanaitwa Dada Saba yanashuka yamepangana. Watu walikuwa wanalia kwa uzuri. Mimi mhesabuji nilikuwa nimefunga jicho moja kwa kitambaa, nikifika wa nne wanachanganyika.

Bergen mvua. Supu ya samaki sokoni kroni 220, elfu hamsini na ushei ya kwetu, na samaki mwenyewe vipande vitatu. Mwanza kwa hela hiyo naletewa sato mzima na majirani zake.

Usiku wa kurudi bahari ilichafuka tena. Nililala. Nilihesabu mara tatu tu, nane, nane, nane, na mara ya nne sikuimaliza. Kumuaga yule kijana sikufanikiwa. Asubuhi ya kushuka walikuwa wanapanga vyumba kwa ajili ya wengine elfu tatu wanaopanda mchana uleule. Nilimwachia tangawizi iliyobaki juu ya mto, na noti, na karatasi: Msalimie bibi Mtongwe.

Wiki ya pili baada ya kurudi nilikuwa na safari ya kisiwani kwa shangazi. Kivuko kilikuwa kinapakia. Nilimkuta anayekata tiketi kwenye lango, kijana, ana haraka, kalamu sikioni. Nikampa hela, nikamuuliza kwa upole tupo wangapi.

Alinitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake.

"Mama, tupo wengi. Pita, unaziba njia."

Nikapita. Nikatafuta pa kusimama karibu na mlango, nikaanza mwenyewe. Nilikuwa nimefika mia na themanini na sita zilipoingia bodaboda tano kwa mkupuo, nyingine imepakiza mama na watoto wawili, nyingine ina mtu na mbuzi, na nyuma yao shule nzima ya msingi wamevaa sare za bluu, wanakimbia, wanapishana.